Dole la Evance Liko Mikumi

Siku Devota alipoanza kazi katika Jumuiya ya Kumbukumbu za Ardhi mjini Kilosa, alikuta nenosiri la seva limeandikwa kwa wino mzito kwenye utepe mweupe, na utepe wenyewe umebandikwa juu ya kioo cha kompyuta ya mapokezi. Wenye ofisi hawakuwa wazembe. Walilibandika kwa nia njema kabisa, ili mtu mwenye haraka asisumbuke kuuliza. Wafanyakazi wote waliingia kwa jina moja, "msimamizi", na nenosiri moja. Fundi aliyekuja kutengeneza feni aliingia kwa jina hilohilo akaangalia matokeo ya mpira. Filomena, mama wa makamo aliyekuwa akiingiza taarifa tangu Jumuiya inaanzishwa, alimweleza Devota kwa fahari kwamba katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kusahau nenosiri.

Ndani ya seva hiyo kulikuwa na mashamba ya vijiji thelathini na kitu. Mafuriko yalikuwa yameingia katika ofisi nyingi za vijiji na kuzigeuza hati za watu kuwa uji, na baada ya hapo vijiji vikakubaliana kuikabidhi Jumuiya kazi ya kutunza nakala. Kila shamba lilikuwa na ramani yake, jina la mwenyewe, majina ya majirani wa mpaka na alama za madole yao. Mashine kubwa ilikaa Kilosa katika chumba cha nyuma chenye kiyoyozi. Nyingine, ndogo, ilikaa katika ofisi ya tawi kule Mikumi ikihifadhi nakala. Mtu aliyepoteza karatasi alikuja, akachapiwa nyingine, ikagongwa muhuri, akaenda zake ametulia.

Devota alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, mtoto wa mkulima wa maharage na vitunguu wa Lumuma. Alisomea kompyuta chuo kikuu, akarudi nyumbani, akakaa miaka miwili akituma barua za maombi ambazo hazikujibiwa. Aliyemtoa huko alikuwa Mzee Lazaro, mkurugenzi wa Jumuiya, aliyeimba kwaya moja na baba yake kanisani enzi za ujana wao. Devota alimwita baba mdogo nyumbani na mzee kazini. Naye, kote kuwili, alimwita mwanangu.

Mwezi wa pili tangu aanze, aliingia ofisini mama mmoja wa Rudewa anayeitwa Fausta. Alikuwa mjane, mlimaji wa mahindi na mpunga, na alikuwa amefunga hati yake ndani ya mifuko miwili ya plastiki na kitambaa juu. Alitaka nakala moja tu yenye muhuri. Devota alipoichapa na kuilaza mezani pembeni ya ile ya zamani, wote wawili waliona. Katika hati ya Fausta shamba lilifika hadi barabarani. Katika nakala mpya lilikomea kwenye mfereji. Hatua arobaini za ardhi, zile zinazotazamana na barabara, zilikuwa zimekatwa.

Devota alifungua daftari la matukio la seva. Iliandikwa kwamba badiliko lilifanywa wiki tatu nyuma na msimamizi. Aliuliza ofisi nzima, meza kwa meza. Kila mmoja alikubali kwamba naam, msimamizi ndiye aliyefanya, na hakuna aliyekuwa yeye. Mzee Lazaro alisema huenda umeme ulicheza. Fausta alisikiliza yote hayo akiwa ameshika hati yake kwa mikono miwili.

"Huyo msimamizi ndiye nani, mwanangu?" aliuliza. "Nionyeshe basi, na mimi nimsalimie."

Devota alirudisha mpaka mahali pake kwa kutumia nakala ya zamani ya Mikumi, na majirani wa Fausta wakaletwa kushuhudia, lakini swali lile halikumtoka. Alirudi nalo chumbani kwake karibu na stesheni, akala nalo ugali. Kesho yake aliandika mwongozo wa kurasa nne na kuupeleka kwa mkurugenzi. Mzee Lazaro alitia saini kila ukurasa bila kusoma hata mmoja. Alimwambia afanye anavyoona, maana hiyo ndiyo elimu waliyomtafutia.

Basi akafanya. Kwanza alibandua utepe. Kisha akampa kila mtu jina lake na nenosiri lake katika programu ya kusimamia seva, na kila jina akalipa ruhusa ya kazi ya mwenyewe, basi. Filomena aliweza kuingiza shamba jipya lakini si kugusa la zamani. Mkurugenzi aliweza kusoma kila kitu na kuomba badiliko lolote, lakini si kulifanya kwa mkono wake. Alifunga milango yote ya nje, seva ikawa haiitikii mashine nyingine isipokuwa zile za ofisi mbili. Kila kilichoguswa kiliandikwa pamoja na jina la aliyekigusa, na maandishi hayo yakakimbizwa Mikumi kila baada ya dakika tano, yasiweze kufutwa Kilosa.

Kisha akafika kwenye mipaka, na hapo alikumbuka kwao. Shamba linapopimwa, mwenye shamba haonyeshi mpaka peke yake. Majirani wanatembea naye, kila mmoja anasimama upande wake, anakiri kwa mdomo, halafu anaweka dole kwenye fomu. Jirani mmoja akikosekana, mpimaji anakunja kamba yake anaondoka, hata kama amekuja kutoka mbali. Devota aliweka hivyohivyo ndani ya seva. Ombi la kubadili mpaka likitoka Kilosa, mtu wa Mikumi lazima alikubali kwa namba sita zinazotumwa kwenye simu yake. Likitoka Mikumi, linakubaliwa Kilosa. Likishakubaliwa linasubiri siku tatu, hadi saa sita mchana ya siku ya tatu, kabla ya kuwa rasmi, na ndani ya siku hizo aliyekubali anaweza kujitoa. Lisipopata mtu wa kulikubali hadi muda huo uishe, linakufa.

Alipomaliza alijisikia kama mtu aliyeezeka nyumba kabla ya masika. Alidhani kazi imekwisha.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, alifungua daftari la matukio kama alivyozoea. Ombi la kubadili mpaka, shamba la Fausta, Rudewa. Hatua zilezile arobaini. Mwombaji, Lazaro. Saa, tatu na dakika kumi. Mkubali, Evance wa Mikumi. Saa, tatu na dakika kumi na mbili. Badiliko kuwa rasmi Alhamisi, saa sita mchana.

Safari hii alikuwa na majina. Hakujua kama ndivyo alivyotaka. Mzee alikuwa mlangoni pale, akimuuliza Filomena hali ya mguu wake, mpole kama siku zote. Devota alimuaga kwamba anakwenda tawini kukagua mashine, na haukuwa uongo, akapanda gari la kwenda Mikumi.

Njia nzima aliandaa maneno ya kumpiga Evance, mfanyakazi wa tawi. Walikuwa rika moja, na alikuwa amemfundisha mwenyewe siku mbili nzima asimtajie mtu yeyote zile namba sita. Alimkuta peke yake ofisini, kando ya barabara kuu, malori yakipita na kutikisa madirisha. Alipomwekea daftari la matukio mbele, Evance hakukana. Alivuta kiti akakaa, akamweleza jinsi mzee alivyompigia.

"Alianza na kuniulizia mama yangu," alisema. "Anaendeleaje na presha, amepata dawa, mpe pole. Devota, mtu amemaliza kumuulizia mama yako, utamnyimaje namba sita?"

"Ungemwambia hairuhusiwi."

"Mimi nimelelewa na bibi. Mkubwa akisema lete, unaleta. Ukiuliza ya nini, unaleta na kofi juu."

Devota alicheka bila kutaka, na kile kicheko kikamwondolea yale maneno yote aliyoyaandaa. Aliona kosa lilipo. Halikuwa la Evance. Alikuwa ameziba njia zote za mwizi, akasahau njia ya mkubwa. Mwizi angekuja kwa hila, naye alikuwa tayari kwa hila. Mzee Lazaro alikuja kwa simu, akapokelewa kwa shikamoo, na mlango ukafunguka wenyewe. Yeye pia angefanya nini? Alijaribu kujifikiria akimwambia yule mzee neno hapana, akashindwa.

Evance alijitoa palepale katika kibali chake. Ombi likarudi kusubiri. Lakini wote wawili walijua simu ingelia tena kabla ya Alhamisi.

Devota alizunguka ofisini akipitisha macho kwenye rafu, na juu ya kabati akaona vijisanduku viwili vyeusi vyenye vumbi. Vilikuwa visoma dole, kama vya mawakala wa kusajili laini za simu. Jumuiya ilivinunua kwa ajili ya kuandikisha wakulima wasiojua kusoma, na tangu kazi ile iishe havijaguswa. Alikishusha kimoja, akakipuliza, akakichomeka kwenye kompyuta. Kikawaka taa ya kijani.

Walifanya kazi mpaka saa kumi. Programu ilikubali kwamba badala ya namba sita, kibali cha mpaka kitolewe kwa dole la mtu kwenye mashine ya ofisi yake, na si pengine. Evance akaandikishwa Mikumi. Kisoma dole cha pili Devota angeondoka nacho ajiandikishe Kilosa. Na ili kufunga kabisa, akaweka kwamba mtu akitaka kubadili utaratibu huo wenyewe, sharti madole yote mawili yabonyezwe katika saa moja, lake na la Evance. Alisita kidogo kabla ya kulihifadhi hilo, kwa sababu kuanzia hapo hata yeye asingeweza kuufungua peke yake. Kisha akalihifadhi.

"Sasa mzee akipiga?" Evance aliuliza.

"Mwambie ukweli. Mwambie namba zimeondolewa, siku hizi linatakiwa dole, na dole haliendi kwa simu."

Evance alilijaribu lile neno. "Dole langu liko Mikumi, mzee." Akalirudia akiwa amesimama, kisha ameketi, kisha ameinamisha kichwa kama mtu aliye mbele ya mkubwa, mpaka wote wawili wakashikwa na kicheko. Baadaye alisema kwamba kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe haogopi simu ya Kilosa.

Ilipigwa kesho yake asubuhi. Devota alikwishajiandikisha kwenye kisoma dole chake, na alisikia sauti ya mzee kupitia ukuta, kwanza salamu ndefu, kisha swali lililorudiwa mara mbili. Mchana mzee alipita mbele ya meza ya Devota bila kumwita mwanangu. Jumatano ilipita hivyohivyo. Filomena aliyezoea kuimba akiandika hakuimba. Alimnong'oneza Devota kwamba ofisini watu wanasema amemfungia mzee mlango wa nyumba yake mwenyewe, na kwamba mtoto wa Lumuma asije akasahau aliyemtoa Lumuma.

Alhamisi saa nne na nusu aliitwa. Mzee Lazaro alikuwa nyuma ya meza yake, kalamu tatu zimepangwa mbele yake, feni ikizunguka juu taratibu. Devota aliamkia, akaitikiwa, akaambiwa aketi.

Mzee hakupiga kelele. Alieleza kama baba anavyoeleza. Kulikuwa na mtu aliyetaka kujenga kituo cha mafuta pale barabarani. Kituo kingeleta taa, duka, kazi kwa vijana wa Rudewa. Hatua arobaini si kitu kwa shamba lile, na Fausta angefidiwa mahali pengine mambo yakikaa sawa. Yule mtu alikwishapewa neno, na neno la mzee si la kurudishwa. Kilichobaki ni kitu kidogo. Devota autoe huo utaratibu wake wa madole, amkabidhi ruhusa kubwa ya seva kama ilivyo haki ya mkurugenzi, na wote wasahau. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Alitaka sana kuuongeza, tena kwa miaka mitatu.

Devota aliitazama mikono yake mapajani. Alifikiria kile chumba chake karibu na stesheni, na miaka ile miwili ya barua zisizojibiwa, na baba yake anayewaambia watu wa Lumuma kwamba binti yake ndiye anayelinda mashamba ya wilaya. Alikuwa anaogopa, na aliamua kwamba woga si sababu ya kunyamaza.

"Mzee, kama kituo ni kizuri hivyo, Fausta si angeulizwa? Rudewa ni nusu saa kwa pikipiki."

"Nimwombe?" Mzee Lazaro alisema. "Mimi?"

Alilisema polepole, kwa mshangao wa kweli, na hapo Devota akaelewa mambo yote. Mtu huyu hakuwa mwizi machoni pake mwenyewe. Hakuona kabisa kwamba kuna kitu cha kuomba. Maisha yake yote milango ilifunguka alipoisogelea, na aliyoyakuta ndani aliyaona yake.

"Siutoi, mzee," Devota alisema. "Nimekuheshimu na nitakuheshimu. Huu siutoi."

"Nimekuamuru."

"Nimesikia. Na hata ningetaka, peke yangu siwezi. Lazima dole langu na la Evance, yote mawili."

Mzee aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano kasorobo. Alichukua simu, akapiga Mikumi, akaiweka mezani ikiwa na sauti ya juu, Devota asikie. Evance alipokea kwa shikamoo, akaitikiwa marahaba. Safari hii mama yake hakuulizwa.

"Hilo dole lako," mzee alisema, "nasikia haliendi kwa simu. Sawa. Wewe mwenyewe unakwenda kwa gari. Jifungie ofisi uwashe hiyo mashine ubonyeze ninachokuambia, au upande gari uje hapa tuongee ana kwa ana. Chagua."

Upande wa pili lori lilisikika likipita na kupungua mpaka likaisha. Devota alikaza macho kwenye simu. Mashine ilikuwa imemsaidia Evance kusema siwezi. Lakini sasa aliweza. Dole lilikuwa mkononi mwake, mashine mezani kwake, na taa ya kijani bila shaka inawaka. Hakuna programu duniani ambayo ingemjibia hapa, na yeye Devota hakuwa na kitu cha kuweka wala kufunga.

"Mzee," Evance alisema hatimaye, "mashine imewaka, iko mbele yangu. Sibonyezi."

"Nini?"

"Samahani sana, mzee. Sibonyezi. Majirani wa yule mama hawajasimama mpakani. Wakisimama nitabonyeza hata kama ni Jumapili. Na kuja Kilosa siji, maana nikikuona uso kwa uso nitaogopa."

Mzee Lazaro aliikata simu. Alibaki akiitazama, kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. Devota machozi yalikuwa yamemjaa, na hakuyafuta, kwa sababu hayakuwa ya huzuni.

Mzee aliuliza, bila kunyanyua uso, kama akimleta mtaalamu kutoka Morogoro huyo ataweza kuivunja. Devota angeweza kumtisha. Aliona ni bora amwambie kweli. Alisema ataweza, mashine iko chumba cha pili na mtaalamu hodari akikaa nayo siku mbili ataifungua. Lakini kila atakachogusa kitaandikwa, na nakala itakuwa imefika Mikumi kabla hajanyanyuka kitini, pamoja na jina la aliyemruhusu. Na Fausta, alisema, ana nakala yenye muhuri, na majirani zake wanayo pia. Aliwachapia mwenyewe.

"Kwa hiyo umejenga kitu cha kuniaibisha."

"Nimejenga kitu cha kuonyesha nani amefanya nini. Mzee asipobadili mpaka wa mtu, hakuna aibu humo."

Hilo ndilo lililomaliza subira ya mzee. Alivuta karatasi yenye kichwa cha Jumuiya, akaandika kwa mkono mistari minne, akatia saini, akagonga muhuri na kuisukuma ng'ambo ya meza. Mkataba wa Devota hautaongezwa. Aondoke leo, siku zilizobaki ahesabu likizo. Chini paliachwa nafasi ya yeye kutia saini kwamba amepokea.

Devota aliisoma mara mbili. "Hakuna sababu humu, mzee."

"Mkataba kuisha ni sababu."

"Wa Filomena uliisha mwaka jana na bado yupo."

Mzee alimwonyesha mlango kwa kidevu. Devota hakunyanyuka. Alichukua kalamu moja kati ya zile tatu zilizopangwa, akaigeuza karatasi iwe sawa mbele yake, na juu ya mahali pa saini akaandika kwa herufi za kusomeka vizuri: Nimepokea barua hii leo Alhamisi saa tano na dakika kumi. Nimeondolewa kwa sababu nimekataa kubadili mpaka wa shamba la Fausta wa Rudewa bila yeye na majirani zake kujua. Akaweka jina lake kamili na saini. Alirudisha kalamu mahali pake.

"Umeharibu barua," mzee alisema.

"Nimeimalizia. Naomba nakala, mzee, moja niende nayo, nyingine ikae kwenye faili langu."

Mashine ya kunakili ilikuwa mapokezi. Filomena ndiye aliyeitia karatasi, na kwa kuwa alikuwa msomaji mzuri aliisoma yote ilipokuwa ikitoka. Alitoa nakala tatu badala ya mbili, ya tatu akaiweka kwenye droo yake mwenyewe, akaifunga kwa ufunguo.

Devota alikaa kwenye meza yake kwa mara ya mwisho. Alikuwa amepanga siku nyingi nini kifanyike akiondoka mtu, na mwongozo ulisema jina lake lifutwe siku hiyohiyo. Alimpigia Evance. Walikubaliana kwamba nafasi ya dole la Kilosa iende kwa Filomena. Filomena aliitwa. Alifuta kidole kwenye sketi, akakiweka kwenye kisoma dole, taa ikageuka kijani. Aliuliza kama mzee akimwambia abonyeze afanyeje. Devota alimjibu kwamba hilo hawezi kumwekea kwenye mashine, na Filomena akasema analijua hilo, alitaka tu kusikia. Kisha Devota akabonyeza, Evance akabonyeza kule Mikumi, na jina Devota likatoka katika orodha ya watu wanaoweza kugusa ardhi ya wilaya.

Saa sita ilipogonga, kioo kikaonyesha mstari mmoja mwekundu. Ombi la kubadili mpaka, Rudewa, halikupata mkubali. Limefutwa. Mlango wa mkurugenzi ulikuwa wazi, na mkurugenzi alikuwa na kioo chake kinachoonyesha mstari uleule.

Devota alichukua mkoba na nakala yake. Alipopita mlangoni aliaga kwa adabu, na mzee, ambaye alionekana amezeeka kuliko asubuhi, alimuuliza atamwambia nini baba yake. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu ambaye naye itambidi amwambie kitu.

"Namwambia sasa hivi, mzee. Kabla hujampigia."

Alisimama kwenye ngazi za mbele, juani, bodaboda wakimpigia honi wakidhani anataka usafiri. Alitafuta jina, akapiga. Simu ilichukua muda kupokelewa, maana kule Lumuma baba yake huiacha kwenye kichuguu kilichoinuka mwisho wa shamba, panaposhika mtandao, na ilimbidi aje mbio. Madirisha ya ofisi yalikuwa wazi. Devota hakuteremsha sauti.

"Shikamoo baba. Nimefukuzwa kazi. Hapana, sijaiba. Kaa kitako kwanza nikueleze, ni habari ndefu, na utaipenda."